Ushauri: tuta la nyasi lenye mwinuko mkali au ukuta wa zege, barabara ya mlimani Kigoma

Mjumbe wa Mtaa: Ndugu zangu, habari za majukumu. Barabara yetu huku Mwanga, Kigoma, imekaa ubavuni mwa mlima na inatakiwa kupanuliwa upande wa bondeni, ambako kimo cha kujaza ni mita 4 na nyumba ya kwanza iko mita 3 tu kutoka ukingoni. Tumependekezewa ukuta wa zege, au tuta la udongo lenye mwinuko wa nyuzi 70 litakaloota nyasi. Wakazi wanaliogopa tuta, kwani kila msimu wa mvua udongo mwekundu huwashukia hadi barazani. Je, udongo unaweza kusimama hivyo?

Fundi Barabara: Ndugu Mjumbe, hofu yao ina msingi, kwa sababu udongo uliojazwa hivihivi hausimami nyuzi 70, na tuta la kawaida, linalolala mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, lingehitaji mita 8 na kuzimeza nyumba hizo. Kinacholisimamisha ni jiogridi, yaani wavu mgumu wa plastiki unaolazwa kati ya matabaka ya udongo ulioshindiliwa vizuri, ili uzito wa udongo uubane wavu, nao wavu uuzuie udongo usiteleze. Uso wa tuta hilo la nyuzi 70 utachukua upana wa takriban mita 1.5 tu. Hata hivyo, kwa makadirio ya awali wavu huingia ndani kiasi cha asilimia 70 ya kimo, kwenu karibu mita 3, kwa hiyo barabara iliyopo itachimbwa kwa umbo la ngazi na huenda upande mmoja ukafungwa. Ulizeni hilo mapema.

Mama Miche: Naongezea kwamba nyasi hazilibebi tuta, kazi yake ni kuulinda uso usimomonyoke. Mimi napendelea nyasi za vetiva, kwa kuwa mizizi yake hushuka wima hata mita 3. Vishina vipandwe mvua zinapoanza, vikiachana sentimita 10 hadi 15, maana vikipandwa Juni bila kumwagiliwa kiangazi kitavimaliza. Michikichi isipandwe hapo kabisa.

Mjumbe wa Mtaa: Nashukuru sana, ndugu zangu. Na maji ya mvua yanayotoka juu mlimani?

Fundi Barabara: Hapo ndipo matuta mengi huangukia. Pawe na mtaro wa zege juu, na nyuma ya udongo uliojazwa pawe na tabaka la kokoto lenye bomba lililotobolewa. Kisha mkandarasi awaonyeshe kwenye mchoro bomba hilo linamwaga wapi, kwa sababu likiishia chini ya tuta, maji yataingia kwa wakazi walewale.