Wanadiplomasia watano wanataka niwanoe Kiingereza: nianzie wapi?

Mwalimu_Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Kisumu, mwaka wa 19 sasa. Kuna jambo limenikalia rohoni tangu wiki jana na ninahitaji neno kutoka kwa waliolipitia.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anaandaa mikutano, aliniuliza kama naweza kuwafundisha maafisa watano wa mambo ya nje, watatu Warundi na wawili Wakongo. Mnajua Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake hapa kwetu, kwa hiyo watu wa kazi hizo huja Kisumu kila mara. Hawa watakuwa mjini wiki sita. Tumepanga jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila jioni, yaani saa 24 kwa jumla. Nilikubali bila kufikiri sana.

Wote wamesoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Kiingereza wanakijua: kwa vipimo vya Ulaya wanne wako B2, yaani juu ya wastani, na mmoja ameshaingia C1, ngazi ya juu. Jioni ya kwanza nikabeba nilivyozoea: nyakati za vitenzi, sentensi za masharti, kifungu cha ufahamu kutoka gazetini. Wakafanya yote kwa heshima, nusu saa wakawa wamemaliza, na makosa yalikuwa ya kuhesabika. Kisha mkubwa wao akaniambia, "Mwalimu, haya tunayajua. Wiki ijayo nitakaa mezani, kuna ibara ambayo nchi yangu haiitaki, na sijaruhusiwa kusema hapana. Nisemeje?" Sikuwa na jibu.

Jioni ya pili mwingine akaniletea barua aliyokuwa akiiandaa kwenda ofisi ya nchi jirani. Kulikuwa na mstari huu: "My Government demands an explanation concerning the postponed visit." Hauna kosa la sarufi hata moja. Darasani ningempa alama zote. Lakini nilipousoma kwa sauti, nikamuuliza, je, mmekosana? Akashtuka. "Hapana, tunauliza tu." Kwa Kifaransa "demander" ni kuuliza au kuomba tu, na yeye alilivusha neno jinsi lilivyo. Akachukua raba akalifuta lile neno taratibu mpaka karatasi ikatoboka, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Nimeshatuma ngapi za namna hii?"

Ndugu zangu, niendelee au niwarudishie kazi yao? Na nikiendelea, nifundishe nini, kwa mpangilio gani? Sitaki kula pesa ya watu kwa kuwafundisha wanachokijua.

Jirani_wa_Kondele

Madam, pole kwa mtihani huo. Mimi ningewaambia ukweli mapema. Watu wa fani hiyo wako Nairobi. Jina lako la miaka 19 lisiharibike kwa wiki sita.

Mkalimani_Mstaafu

Mwalimu, usiirudishe. Nimekaa miaka mingi kwenye kibanda cha ukalimani, Arusha, Nairobi na Entebbe, kati ya Kifaransa na Kiingereza. Shida ya wanafunzi wako haiko kwenye sarufi, iko kwenye uzito wa maneno. Wewe uliposoma "demands" ulihisi kitu. Hisia hiyo ndiyo wanayoikosa, na ndiyo utakayowauzia.

Kwa kuwa mko kando ya ziwa, anza na maji. Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulifunguliwa kwa kutiwa saini Entebbe Mei 2010, Burundi ikasaini 2011, na ulianza kutumika Oktoba 2024. Ibara ya 14(b) ilikwamisha mazungumzo miaka mingi. Nchi za juu ya mto, Burundi ikiwemo, zilitaka kila nchi iahidi "not to significantly affect the water security" ya nchi nyingine. Misri ikapendekeza "not to adversely affect the water security and current uses and rights". Ziweke sentensi hizo mbili ubaoni na usieleze chochote. Waulize: "significantly" likiondoka, nani anapoteza nini? "Current uses and rights" zikiingia, mikataba ya zamani ya maji ya Nile, ya 1929 na 1959, iliyoipendelea Misri, inapata ulinzi gani? Hawakuafikiana, kifungu hicho kikahamishiwa kwenye kiambatisho ili kishughulikiwe baadaye. Jambo hili Warundi wako wanalijua kwa Kifaransa. Wanachohitaji ni kulipigania kwa Kiingereza. Saa mbili zitaisha hujasema neno.

Jioni nyingine wape neno dogo kuliko yote, "the". Azimio 242 la Baraza la Usalama, Novemba 1967, linaitaka Israeli iondoke "from territories occupied in the recent conflict". Kwa Kifaransa ni "des territoires occupés". Kiingereza hakina "the" pale, kwa hiyo wengine wakasema si lazima maeneo yote, na walioshika toleo la Kifaransa wakasema ni yote. Wamebishana zaidi ya miaka 50. Mwanafunzi mwenye Kifaransa akiliona hilo, hatadharau tena somo la "a" na "the".

Halafu vitenzi visaidizi. Desemba 2015 kule Paris, saa za mwisho kabisa za mkutano wa tabianchi, Wamarekani waliona "shall" katika ibara ya 4.4 mahali walipotaka "should". Kwa "shall", nchi tajiri zingebanwa kisheria kuhusu malengo ya kupunguza hewa chafu. Neno likabadilishwa, mkataba ukapita. Na kwetu Afrika tuna Mkataba wa Wuchale kati ya Ethiopia na Italia, 1889: toleo la Kiamhari lilisema mfalme wa Ethiopia anaweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na nchi nyingine, Waitalia wakalisoma lao kama wajibu. Mambo yaliishia vitani Adwa, 1896.

Zoezi ninalolipenda: kata kadi, andika kitenzi kimoja kwa kila kadi. Invites, encourages, requests, calls upon, urges, demands. Zitawanye mezani wazipange kutoka jepesi hadi zito. Watabishana, waache wabishane. Kisha leta rundo la pili: notes, regrets, deplores, condemns. Na waonye kuhusu "takes note of". Inasikika kama sifa, lakini Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua 2001 kwamba maneno hayo hayakubali wala hayakatai.

Yule aliyeuliza jinsi ya kukataa bila kusema hapana, mpe haya ayazoeze ulimi: "My delegation is not yet in a position to support this language." "We would need to consult our capital." "Could we keep that in brackets for now?" Mwambie kwamba mezani "language" ni maneno ya rasimu, na kwamba maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni yale ambayo bado hayajakubaliwa. Akiomba mabano amenunua muda, na hakuna aliyeaibishwa.

Karani_wa_Masijala

Nilifanya kazi masijala ya wizara miaka mingi, nyaraka za balozi zilipita mikononi mwangu kila siku. Naongezea upande wa kuandika.

Wafundishe noti ya kibalozi, yaani barua rasmi kati ya ubalozi na wizara. Huandikwa kwa nafsi ya tatu: hakuna "I" wala "we". Hufunguliwa kwa "presents its compliments to" na "has the honour to", na hufungwa kwa "avails itself of this opportunity to renew... the assurances of its highest consideration". Haitiwi saini kamili, huwekwa herufi za jina na muhuri. Wakariri kama wanavyokariri sala. Jioni moja inatosha. Barua ya yule bwana ingekuwa kwenye mtindo huo, neno "demands" lingejitokeza lenyewe kama jiwe kwenye mchele.

Mkalimani_Mstaafu

Karani, nakubali kwa noti, sikubali kwa kukariri. Nimewaona waliokariri mwanzo na mwisho, katikati wakaandika kama wanagombana. Salamu hizo mtu anazinakili kwenye noti ya jana. Ile sentensi moja ya katikati ndiyo inayotaka mwalimu.

Karani_wa_Masijala

Sawa, mzee wangu. Lakini noti isiyo na salamu zake, anayeipokea hutafuta kwanza kosa lake ni nini kabla ya kusoma ulichoomba. Mwalimu afanye yote mawili.

Mwana_wa_Kakamega

Samahani kuingilia. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi 2021, na Umoja wa Afrika ukaipokea lugha yetu kuwa lugha ya kazi mwaka uliofuata. Warundi na Wakongo wengi wanajua Kiswahili. Kwa nini tunawatesa na "shall" na "should"? Wafundishe wazungumze Kiswahili mezani.

Umurundi_Ziwani

Ndugu wa Kakamega, nakuunga mkono kwa moyo wote, na siku hiyo ikija nitashangilia. Lakini rasimu nikiipokea leo imeandikwa kwa Kiingereza, na nikisubiri tafsiri, wenzangu wameshafika ukurasa wa tano.

Mwalimu, mimi nilipita njia ya wanafunzi wako, nikuambie kinachouma. Hakuna anayekuambia umekosea. Nilisema "eventually we will support the project" nikimaanisha labda tutauunga mkono, kwa sababu kwetu "éventuellement" ni labda. Mwenyekiti akaandika kwamba nchi yangu hatimaye itaunga mkono. Ilibidi bosi wangu apige simu mbili kuirudisha. Nilisema pia "we will assist at the meeting", wakaniuliza tunaleta msaada gani, kumbe nilitaka kusema tutahudhuria. Watengenezee orodha ya maneno hayo mapacha ya uongo: demand, eventually, actually, assist. Waache waongeze ya kwao kila jioni.

La pili ni masikio. Kiingereza cha vitabuni tulikielewa. Mezani kuna Mganda, Msudani Kusini, Mtanzania, Mkenya, na kila mmoja ana Kiingereza chake, mwendo wake, na wote wanakatizana. Tafuta sauti za hotuba na vikao halisi vya kanda yetu. Uliza si "amesema nini" tu, bali "amekubali au amekataa?" Mimi hilo swali lilinisaidia kuliko kitabu chochote.

La tatu, usimsahihishe mkubwa wao mbele ya wadogo wake. Muandikie pembeni.

Nakuru_Mshauri

Neno fupi kutoka Nakuru. Ile barua aliyokuletea ni nyaraka ya serikali. Ulifanya vizuri kuisaidia, lakini usibaki nayo, usiipige picha, na usiitumie kama mfano kwa wenzake. Mkubaliane kwa maandishi kwamba mtatumia nyaraka zilizochapishwa hadharani tu, mikataba na maazimio, yapo ya kutosha mtandaoni bure. Akija na ya kazini, abadilishe majina na jambo lenyewe kabla hujaiona. Na malipo yaandikwe kwa saa, kazi ya kuandaa ihesabiwe.

Mwalimu_Kisumu

Asanteni sana, nyote. Nimeusoma uzi huu mara tatu na kalamu mkononi. Nakuru, nimekusikia: ile karatasi aliondoka nayo siku ileile, na kuanzia sasa hakuna nyaraka ya kazini itakayoletwa darasani. Jirani wa Kondele, niliwaambia ukweli kama ulivyoshauri, kwamba sijawahi kufundisha watu wa kazi yao. Wakasema wanajua, na wanataka tuendelee.

Jana nilikata kadi kutoka kwenye boksi la viatu, nikaziandika kwa kalamu nene. Tulikaa Milimani kwenye varanda ya nyumba waliyopanga, upepo wa ziwa ukawa unazipeperusha, tukazikandamiza kwa vikombe vya chai. Walibishana dakika 40 kama "urges" iko juu au chini ya "calls upon". Nilinyamaza, na haikuwa rahisi kwa mwalimu. "Demands" hakuna aliyeibishia. Yule bwana wa barua aliichukua mwenyewe akaiweka peke yake juu kabisa, mbali na zingine.

Kisha tukaigiza kikao. Nikawa mwenyekiti, nikamsukuma mkubwa wao akubali ibara yangu kabla ya jioni kuisha. Mara ya kwanza alisema "it is impossible". Nikamwandikia pembeni, kama Umurundi alivyonifundisha. Mara ya pili akavuta pumzi, akasema nchi yake inathamini kazi iliyofanywa, ila bado haijawa katika nafasi ya kuunga mkono maneno hayo, na akaomba yabaki ndani ya mabano hadi awasiliane na makao makuu. Wenzake wakagonga meza.

Alhamisi ni Ibara ya 14(b). Mkalimani, nina swali moja kabla ya hapo: niwagawe upande wa Misri na upande wa nchi za juu, au wote wajaribu pande zote mbili?

Mkalimani_Mstaafu

Wote, pande zote mbili. Na Warundi waanze upande wa Misri.