Mji wa pwani na mafuriko: hivi ukuta wa bahari peke yake unatosha kweli?

MwanaPwani_07
Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kinanisumbua naomba wenye ujuzi mnisaidie. Kila mji wa pwani ukipigwa na dhoruba cha kwanza kusikia ni tujenge ukuta wa bahari, hela zote zinaenda huko, alafu ikija mvua ya masaa machache tu watu wako kwenye maji ya magoti na ukuta umesimama palepale. Sasa mji ambao siyo tajiri uanzie wapi? Ukuta, mitaro, mikoko au kuhamisha watu wa bondeni? Naomba majibu ya kueleweka tuweke siasa pembeni.

fundi_maji
Mkuu umeuliza la maana sana. Maji yanaingia mji wa pwani kwa njia tatu, baharini, mtoni na mvua, na ukuta unaziba njia moja tu. Kimbunga kikija upepo unasukuma bahari kuelekea nchi kavu, presha ya hewa nayo ikishuka bahari inainuka kama sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 (kipimo cha presha ya hewa), na hayo yote yakiangukia siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, ndo balaa lenyewe. Wakati huohuo mvua inamwagika na mitaro yote inategemea kumwaga baharini, lakini bahari imeshakuwa juu kuliko mdomo wa mtaro! Maji hayatoki, yanarudi nyuma yanatokea katikati ya mji. Ukijenga ukuta bila pampu na bila milango inayoruhusu maji kutoka tu, umejenga beseni. New Orleans kule Marekani mwaka 2005 wakati wa kimbunga Katrina kuta zilipobomoka karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa, na maji yakakaa wiki kadhaa mpaka yakavutwa kwa pampu.

Mimi ningeanza na mitaro na sehemu za kuyatunza maji. Bahari inajaa masaa 6 hivi kisha inapwa, kwa hiyo unachohitaji ni pa kuyaweka maji ya mvua mpaka bahari ikubali kuyapokea. Rotterdam kule Uholanzi wana uwanja unaitwa Benthemplein, ulifunguliwa 2013, siku za kawaida vijana wanacheza mpira na siku ya mvua unashika lita kama milioni 1.7. Ni uwanja tu uliochimbwa chini kidogo, hata mji wa kawaida unaweza.

BintiMikoko
Naunga mkono, ila kaka umesahau mikoko. Beira kule Msumbiji kuna mto unaitwa Chiveve unapita katikati ya mji, ulikuwa umeziba kwa taka na mchanga, wakauchimbua, wakaweka mlango wa kudhibiti maji ya bahari na wakapanda mikoko upya. Kimbunga Idai kilipopiga Machi 2019 mji uliumia vibaya sana hilo hakuna wa kulikataa, lakini mitaro iliyokarabatiwa ilisaidia maji kutoka. Inaniuma nikiona mikoko inafyekwa ijengwe hoteli alafu kesho tunaomba hela za ukuta palepale!!

fundi_maji
Dada sijaikataa mikoko, ila tuisemee kwa kipimo. Mawimbi inayakata vizuri hata ikiwa na upana wa mita 100 tu. Lakini yale maji yaliyoinuliwa na kimbunga yanashuka sentimita 5 mpaka 50 kwa kila kilomita ya mikoko, na ni miji michache yenye kilomita nzima iliyobaki. Kwa hiyo ilindwe kwa nguvu zote, ila mitaro ibaki palepale kwenye bajeti.

Kisima_Kirefu
Mbona hakuna anayetaja visima? Mji ukivuta maji mengi sana chini ya ardhi, ardhi yenyewe inashuka. Jakarta ya kaskazini kule Indonesia inazama kwa sababu hiyo zaidi hata ya bahari kupanda, ukuta wanaojenga nao unashuka na ardhi. Tokyo mashariki kuna sehemu zilishuka zaidi ya mita 4 karne iliyopita, wakabana uvutaji wa maji na kushuka kukakoma karibu kabisa. Maana yake maji ya bomba yakifika kila mtaa hiyo nayo ni kinga ya mafuriko, japo hakuna anayeihesabu hivyo.

MwanaPwani_07
Aisee hilo la visima sikuwahi kulifikiria kabisa. Na watu wa bondeni je? Manake wakihamishwa mbali na kazi zao wanarudi.

BintiMikoko
Wanarudi kweli, na huwezi kuwalaumu. Kwanza waokoe roho zao wakati mipango ya makazi inaendelea. Bangladesh kimbunga cha 1970 kiliua watu 300,000 au zaidi, ila 2020 Amphan kilipokuja walihamisha zaidi ya milioni 2 na waliokufa kule walikuwa makumi tu. Wana majengo imara yaliyoinuliwa juu ambayo siku nyingine ni shule, na watu wa kujitolea wanapita mtaa kwa mtaa na vipaza sauti. Lakini jengo tu halitoshi, zamani wanawake wengi hawakwenda manake hakukuwa na sehemu yao wala choo, na wenye ng'ombe walibaki kulinda mali yao. Siku hizi kuna vyumba vya wanawake na vilima vya udongo vya kupandisha mifugo. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, waulizwe hao wa bondeni kitu gani kitawafanya watoke nyumbani usiku wakiambiwa watoke.