Naomba ushauri: nichague jimbo lipi kwa tasnifu ya magavana waliochaguliwa na bunge?

Mwana_Historia
Wakuu, shikamooni. Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu magavana wa mwanzo wa majimbo ya Marekani, wale walioingia madarakani kwa kura za wabunge. Msimamizi kanirudishia pendekezo, anasema majimbo yote kumi na tatu ya mwanzo siyawezi, nichague moja au mawili. Mimi navutiwa na Virginia na Massachusetts. Mnanishaurije?

Kibarua wa Maktaba
Marahaba. Hayo mawili usiyatie kapu moja. Virginia, kwa katiba ya 1776, mwananchi hakuwa na kura ya gavana kabisa. Mabaraza yote mawili ya bunge ndiyo yaliyochagua, kila mwaka. Gavana wa kwanza alichaguliwa na mkutano uleule ulioandika katiba: Patrick Henry kura 60, Thomas Nelson Mkubwa 45, basi, gavana kapatikana.

Massachusetts, kwa katiba ya 1780, wananchi walipiga kura. Bunge liliingia pale tu ambapo hakuna aliyevuka nusu: wawakilishi wanachuja majina hadi mawili, seneti inachagua mmoja. James Bowdoin alipata ugavana hivyo 1785. Ukiyaandika kama mfumo mmoja, siku ya utetezi watakuchana.

Bi Mkubwa wa Tanga
Chukua Virginia peke yake mwanangu, ina nyama. Gavana wa mfalme, Lord Dunmore, alitoroka mji mkuu, Williamsburg, Juni 1775 akakimbilia kwenye manowari. Mwaka mmoja baadaye watu walewale wanaandika katiba, unategemea wampe gavana mpya rungu? Muhula mwaka mmoja, mitatu mfululizo kisha akae nje miaka minne. Kuzuia sheria hawezi. Na hata kwa madaraka machache aliyobakiwa nayo, ashauriane kwanza na baraza la watu wanane, nao wamechaguliwa na bunge lilelile!

Halafu kaa na kura za ugavana za 1 Juni 1779. Duru ya kwanza Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais, 55, John Page 38, Thomas Nelson Mdogo (si yule wa 1776) 32. Duru ya pili, Nelson hayumo: Jefferson 67, Page 61. Jefferson kaongeza 12, Page kaongeza 23. Na Page huyo ni rafiki yake tangu chuoni. Hapo pana sura nzima ya tasnifu.

Mkwawa Jr
Virginia imeandikwa mpaka basi. Nenda South Carolina. Wenzao Georgia, North Carolina na Maryland waliwapa wananchi kura ya gavana katika miaka ya 1820 na ya 1830, South Carolina ikang'ang'ana hadi 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe imeshapiganwa na kuisha. Hata wajumbe wa kumchagua rais walikuwa wanateuliwa na bunge hadi 1860. Matajiri wa mashamba ya pwani walikuwa wameshalishika bunge, wangeliachia kwa nini?

Mbongo wa Vermont
Napita tu. Huku ninakoishi ule mtindo wa Massachusetts bado upo. Uchaguzi wa Novemba 2014 gavana Peter Shumlin hakufika nusu, Januari 2015 bunge likapiga kura ya siri: 110 kwa 69, akabaki. Lakini mwaka 1789 Thomas Chittenden aliongoza kwa wananchi, na bunge likampa Moses Robinson.

Mwana_Historia
Asanteni sana. Mkwawa Jr, hoja yako nzito, ila naona nibaki Virginia. Sasa niishie mwaka gani?

Kibarua wa Maktaba
1781. Muhula wa Jefferson unaisha Juni, wapanda farasi wa Uingereza wanavamia Charlottesville walikohamia wabunge, wabunge wanakimbilia mji wa Staunton, na hukohuko ukimbizini wanamchagua Nelson Mdogo tarehe 12. Ukivuta hadi 1851, wananchi walipopewa kura, hutamaliza. Anza na kumbukumbu za vikao vya bunge lenyewe. Barua za Jefferson ziache kwanza, zina utamu wa kukupoteza.