Mbwa wangu wa konde anaanguka kifafa, jamaa wanataka nimuue

Mkulima wa Mtambwe

Assalaam alaykum. Naomba msaada, na wale wa "mbwa najisi" naomba wanipishe kwanza. Hilo nalijua tangu chuoni.

Niko Mtambwe, Pemba. Nina mbwa dume, jina lake Waache, ana miaka mitatu na kitu. Nilipewa na msasi mmoja wa upande wa Ngezi akiwa bado ananyonya vidole vya watu. Sikio la kushoto limechanwa na nguruwe. Kazi yake ni konde la muhogo na migomba. Mwaka mmoja kabla yake nilivuna magunia mawili tu, mengine yote walikula tumbili na nguruwe, mie nikabaki kuokota maganda.

Mara ya kwanza ilikuwa Mfunguo Sita, usiku wa kuamkia maulidi ya hapa kwetu, kama saa tisa. Nikasikia bati la banda linagongwa. Nimetoka na tochi ya simu, nimemkuta kalala ubavu, miguu inapiga kama anaogelea, meno kayakaza, povu linamtoka, mkojo nao umemtoka. Macho wazi lakini hanioni. Nikawa naita "Waache! Waache!" hata jirani akatoka na fimbo, akidhani naamua ugomvi.

Sikutazama saa. Nilisoma Ayatul Kursiy mbili, ya tatu nikaifikisha kati, akatulia. Halafu akainuka akawa anagonga ukuta, mlango haujui, na mie bwana wake akaningurumia. Baada ya nusu saa kala bada, ugali wa muhogo, ya watu wawili, kalala. Asubuhi huyo kondeni, kama si yeye.

Tangu hapo zimekuja tatu nyengine, ya mwisho Alhamisi iliyopita. Katikati yake ni mzima kabisa. Siku moja nilimtia mpini wa mwiko mdomoni asimeze ulimi. Mpini umekatika vipande viwili, vidole vyangu alhamdulillahi viko kumi.

Sasa ami yangu anasema hichi ni kichaa cha mbwa, nimpige panga kabla hajauma mtoto. Mama anasema ni pepo, mbona anakuja saa tisa tu, na mganga keshataka kuku mwekundu. Kuku nitampata, lakini kwa nnavyomjua mgonjwa, atamla yeye. Mie naona ni kifafa kama cha binaadamu. Je, mbwa hupata kifafa? Kuna dawa? Na mwenye kujua nitamfikisha vipi Wete anambie, maana daladala hata sithubutu kuuliza.

Fundi Vespa

Ndugu yangu, ungefuga paka ungelala usingizi. Mbwa akikulamba ni kuosha kwa udongo na maji mara saba, unayataka mwenyewe.

Mkulima wa Mtambwe

Fundi, paka wangu ninaye, na tumbili wanamcheka. Mbwa wa konde, wa mifugo na wa kuwindia wana ruhusa yao, muulize ustadhi wako. Ndoo ya udongo safi iko pembeni ya mlango wangu mwaka wa tatu huu.

Binti Kizimkazi

Pole kaka. Mie nilikuwa na jike la kulindia nyumba, naye alianguka, ila wake haukuwa kifafa, ilikuwa sumu. Jirani alinyunyizia mboga dawa ya wadudu, mbwa akapita akajilamba. Mate yalikuwa yanamwagika kama bomba, machozi, anaharisha, anatetemeka mwili mzima bila kupumzika. Hakupata hata siku moja ya kuwa mzima katikati. Alikufa kabla ya magharibi.

Wako naona anaanguka, anapona, anakaa wiki, anaanguka tena. Hiyo si sumu. Ila bado angalia chupa za dawa za konde unaziweka wapi, na yale makopo usimtilie maji ya kunywa hata ukiyaosha vipi.

Mzee wa Sindano

Mwanangu wa Mtambwe, nimetibu mifugo miaka mingi, sasa nimestaafu, nafuga kuku. Nisikilize polepole.

La kichaa kwanza, maana hilo ndilo linaloweza kumpotezea roho mbwa wako na kumpotezea amani ami yako. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili, mbwa hamalizi siku kumi. Haanguki Mfunguo Sita, akala bada, akalinda konde miezi, akaanguka tena. Mwambie ami hivyo, kwa adabu. Lakini usimcheke, kwani hofu yake ina sababu. Pemba tulikuwa na kichaa, tukachanja mbwa kwa wingi mpaka mwaka 2014 kikawa kimetoweka, 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ikabidi tuanze upya hata kikaondoka tena. Waache ana chanjo? Hukusema. Kama hana, hiyo ndiyo safari yake ya kwanza, na kila mwaka irudiwe. Na siku yoyote mtu akiumwa na mbwa, awe mgonjwa awe mzima, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu mbio hospitali. Hapo hapana kusubiri.

La pili, ndiyo, mbwa hupata kifafa. Kile kisichokuwa na sababu ya kuonekana huanza mara nyingi kati ya miezi sita na miaka sita, na katikati ya vifafa mbwa huwa hana tatizo. Wako amekaa humo humo. Saa tisa usiku si pepo. Vifafa vingi huja mbwa akiwa amelala au amepumzika, na wako mchana hapumziki, anakimbizana na tumbili.

Mwiko tupa. Mbwa hamezi ulimi. Anapoanguka, ondoa mawe na hilo bati karibu yake, shika mkono wako mbali na mdomo, zima tochi, nyamaza. Hakusikii, na kelele hazimsaidii. Kisha tazama saa. Ayatul Kursiy mbili na nusu nakisia ni kama dakika mbili, isome, ina baraka zake, lakini simu unayomulikia ina saa ndani. Kikipita dakika tano, hiyo ni dharura, mwili unachemka na ubongo unaumia. Mmwagie maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, mpepee, tafuta daktari usiku huo huo. Vivyo hivyo vikija viwili au zaidi ndani ya siku moja. Akiinuka akikungurumia usihuzunike, hakujui wakati ule. Mwache azunguke pahala pasipo shimo, macho yatarudi.

Dawa ipo. Inayotumika zaidi ni fenobabitoni, ile ile ya binaadamu, na kwa hivyo hupewi dukani bila cheti. Usiombe vidonge kwa jirani mwenye mgonjwa. Kipimo kinatokana na uzito, na humezwa kila baada ya saa kumi na mbili. Wiki mbili za mwanzo atayumba kama mlevi, atakunywa maji na kukojoa sana, atakula kupita kiasi. Ukiona hivyo usiikatishe. Ukiikata ghafla, vifafa vinarudi vibaya kuliko vilivyokuwa. Na kila miezi sita apimwe damu kuangalia ini.

Mbwa aliyeanguka mara nne ndani ya miezi michache anastahili dawa. Kwa hivyo mpime uzito, andika tarehe zote na muda wa kila kifafa, nenda kwa daktari wa mifugo.

Mkulima wa Mtambwe

Mzee wangu, Mungu akuweke. Nimerudi baada ya wiki tano, nna habari.

Uzito ulikuwa kazi. Mizani niliyonayo karibu ni ya karafuu, ya jirani, ile ya kuning'iniza. Akasema mbwa hawezi kugusa mizani yake wakati wa mavuno. Nikamwambia mbwa mkavu, gunia kavu, na gunia lenyewe ni la mbolea, si la karafuu. Kikavu kwa kikavu hakuna najisi, hata yeye analijua. Kafikiri, kakubali, ila kasimama hatua tano. Waache kaningʼinia mle gunia limemfika shingoni, kichwa nje, anawatazama watu kama sheha kwenye mkutano. Kilo kumi na nane.

Kwenda Wete nilimwomba mjomba mtumbwi. Sharti lake: nikirudi niuoshe mara saba, moja kwa udongo, na yeye ahesabu. Na mbwa kwa hofu alitoa mate toka tunang'oa nanga mpaka tunafika, kwa hivyo hapo sikuwa na la kujitetea. Nimechota udongo juu ya pwani, nimesugua ubao kwa ubao, mjomba kakaa juu ya mkoko na vidole hewani. Nilipofika la tano akapigiwa simu, akasahau, akaniambia nianze upya. Nimeanza upya.

Daktari kamchanja, kasikiliza tarehe zote, kampa kidonge kimoja na nusu cha miligramu thelathini asubuhi na jioni. (Hicho ni cha kilo kumi na nane, mwengine asiige.) Namtilia ndani ya tonge la bada. Saa kumi na mbili za jua na saa kumi na mbili za jioni, huku kwetu si vigumu kukumbuka. Wiki ya kwanza aliyumba kweli, tumbili wakashuka mpaka kwenye mpapai wa uani. Sasa anatembea sawa. Ameanguka mara moja tu, dakika moja na sekunde kumi, nimeandika ukutani kwa mkaa.

Ami bado hajamsogelea, ila la panga halisemi tena. Kuku mwekundu hatukununua.

Nna maswali mawili. Nikisahau kidonge? Na Waache anapenda kujitupa maji yakijaa, anafuata kaa kwenye mikoko. Nimzuie?

Mzee wa Sindano

Ukisahau, mpe ukikumbuka, kisha endelea na saa zako. Karibu na saa ya kinachofuata, ngoja hicho. Viwili pamoja usimpe.

Maji mzuie. Kifafa kikimkuta maji kifuani, anakwenda na wewe umesimama pwani. Kaa awafuate maji yakitoka, tope ikiwa tupu. Na mtumbwini mfunge kamba ya kifuani, si ya shingo, na ushike mwisho wake mwenyewe, mjomba asishike.

Fundi Vespa

Mjomba hata akiambiwa hashiki.