Mrejesho: Mama mwalimu mstaafu na pensheni yake

Niliuliza hapa nimkanyeje mama, mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60, asiimalize pensheni kwa kulipia watoto wa majirani karo hapa Kayole, Nairobi. Wengi mlisema nikae naye kwanza. Nikakaa.

Jumamosi nilimkuta sebuleni, watoto tisa mkekani, chaki mkononi. Ubao ni mlango wa kabati kuukuu alioupaka rangi nyeusi. KCPE, mtihani wa darasa la nane aliowaandalia watoto miaka yote, ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini kuzidisha ni kuzidisha tu, anasema.

Baada ya chai akanitolea daftari. Kila shilingi imeandikwa: fungu la kumi juu kabisa, halafu kodi ya nyumba, dawa za presha, na mwisho "watoto". Hilo la watoto lilikuwa dogo kuliko pesa ninazomaliza kwa bando za simu! Nilinyamaza, nikakoroga chai yangu.

Tumekubaliana karo ipitie kikundi cha akina mama kanisani, si mfukoni mwake. Dada yangu bado amenuna. Mimi nimepewa zamu ya kusahihisha hesabu.