KISAHANI! Eti mimi niletewe KISAHANI changu!

Wakuu, nimetoka khitmani sasa hivi, hata kanzu sijavua. Naandika kwa gumba la kushoto maana kidole cha kati cha kulia kimevimba chote, shina hadi ncha, kama muhogo. Msinitulize.

Yule mtu alikuwepo. Simtaji, mnamjua. Hakuna khitma wala arobaini Temeke nzima asiyofika wa kwanza, akakaa karibu na mlango wa jikoni, akawa sheikh, daktari na mkaguzi wa nyama.

Tumekaa watu 5, sinia moja. Nimenawa, nimepiga bismillahi, mkono uko njiani, kipande changu nimeshakilenga. Akavuta sinia. AKAVUTA SINIA, wakuu! Akazikodolea macho kucha zangu kama anasoma hati ya kiwanja, kisha akapaza sauti mpaka kina mama kule uani wakanyamaza: "Huyu ana fangasi, mleteeni kisahani chake."

Kisahani! Si sahani. Kile cha kuwekea kikombe, kina ua la waridi. Pilau ilikaa punje 200 kwa hesabu ya haraka.

Hizi kucha si fangasi. Zina vishimo vishimo kama kastabini, na mimi ni fundi cherehani, kastabini naijua. Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi, imeingia mpaka kwenye viungo. HAIAMBUKIZI. Kinga ya mwili wangu inanipiga mimi mwenyewe, haina ugomvi na pilau ya mtu. Dawa za fangasi nimemeza mpaka nikachoka. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kikatoka safi, nikaambiwa basi huna kitu, kumbe kwa ugonjwa huu kutoka safi ndiyo kawaida yake.

Mabaka yenyewe yako nyuma ya sikio na kitovuni. "Mbona ngozi yako nzuri tu?" Nikuvulie kanzu?

Asubuhi naamka mkavu kama ubao, saa nzima mgongo haujakubali. Nikipumzika unazidi, nikitembea unalegea, kwa hiyo nyumbani naitwa mvivu na mtaani naitwa mzururaji. Kisigino, pale nyuma mshipa unaposhika mfupa, nikikanyaga pedali ya cherehani nalia kimya kimya. Mwaka jana jicho likawa jekundu, mwanga unachoma kama pilipili, mtaa ukatangaza nimeanza bangi. Ulikuwa uvimbe ndani ya jicho, ningezubaa lingepofuka.

Yote hayo nimezoea. Kisahani sijazoea.

Na kile kipande nilichokilenga alikila yeye.

BilaPicha: Picha ya kisahani tafadhali.

MamaNtilieMsomi: Mleta mada, swali la msingi. Pilau uliila au ulisusa?

FundiKastabini: Niliila. Kwa hasira.

BilaPicha: Uliongeza?

FundiKastabini: Mara mbili. Kisahani kidogo, nifanyeje?

BilaPicha: 😂😂😂 Huyu hana kesi.

MzeeWaGauti: Afadhali wewe unaitwa fangasi. Mimi kidole gumba cha mguu kikiwaka, ukoo mzima unaniambia "punguza nyama choma." Nyama nimeiona mara ya mwisho Idi!

FundiKastabini: Mzee, hata mimi niliambiwa gauti kidole cha mguu kilipovimba. Ila turudi kwenye kisahani.

DadaWaKigamboni: Yule mtu namjua! Msibani kwa bibi alimwambia mdogo wangu mwenye soriasisi ajipake oili chafu ya gari.

MjukuuWaTanga: Huyo ni wa kwetu Tanga. Kahamia Temeke lini?

KofiaYaVito: Wa kwenu vipi, nasi Mombasa tunaye? Juzi tu kala kwetu.

MuuguziMstaafu: Mwanangu pole, kweli haiambukizi. Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi huweza kupata ya viungo, na kwa wengi ngozi hutangulia kwa miaka. Jicho jekundu linalouma usilivumilie hata siku moja. Na vidonge vya steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, msijinunulie dukani, ukiviacha ghafla ngozi inaweza kulipuka mwili mzima.

MpishiWaShughuli: Asante muuguzi. Lakini tuseme ukweli, tatizo ni masinia ya siku hizi. Watu 5, nyama vipande 3. Hata mimi ningelivuta.

DadaWaKigamboni: Na viazi! Khitma gani pilau nusu viazi?

MjukuuWaTanga: Pilau bila viazi ni wali uliopakwa masizi.

DadaWaKigamboni: Ndiyo maana mnafukuzwa Tanga mnakuja kutujazia Temeke.

FundiKastabini: Wakuu, tulikuwa kwenye KISAHANI.

MpishiWaShughuli: Kiazi kinakatwa viwili. Anayekata vinne ana roho mbaya.

MzeeWaGauti: Muuguzi, viazi havina shida na gauti?

MuuguziMstaafu: Havina, baba. Wasiwasi ni kula maini na figo.

MzeeWaGauti: Maini tena! Nimebaki na nini duniani?

MjaneWaMbagala: Samahani kuingilia. Nani anakodisha sufuria la kilo 20? Jumapili nina arobaini.

MpishiWaShughuli: Lipo, dada. Mfuniko ndio haupo.