Nikimpapasa taratibu anatulia, nikiharakisha analia, kwa nini?

Baba Njiti
Wakuu habari za jioni. Mtoto wetu alizaliwa njiti wiki ya 32, sasa ana miezi mitano tuko naye home anaendelea vizuri tunamshukuru Mungu. Nimegundua akilia nikimpapasa mgongo polepole anatulia mpaka usingizi unamchukua, ila nikiwa na haraka zangu mkono ukaenda mbiombio anazidi kulia, na mkono ukiwa wa baridi ndo kabisa. Bi mkubwa anasema mtoto anaujua moyo wa anayemshika. Namwamini, ila nataka kujua mwilini kinachofanyika nini?

Mdau wa Fiziolojia
Hongera sana mkuu. Mama hajakosea. Neva za kuhisi mguso sio aina moja. Kuna za mwendo kasi, zimevikwa utando wa mafuta, kwa mtu mzima zinakimbiza taarifa kama mita 50 kwa sekunde, hizo ndo zinakwambia umeguswa wapi na kwa nguvu kiasi gani. Halafu kuna nyembamba zisizo na utando, zinaitwa neva za C za mguso, hizi ndo zinaleta ile hisia ya kupendeza, zinajikokota mita 1 hivi kwa sekunde. Hizi zinaamka zaidi mkono ukipita sentimita 1 mpaka 10 kwa sekunde, hasa kwenye 3 hivi, tena mkono uwe na joto la ngozi, kama nyuzijoto 32. Ukiharakisha au ukiwa na baridi zinapoa. Ziko kwenye ngozi yenye malaika (vinyweleo laini), mgongoni, mikononi, usoni, viganjani ni chache mno.

Mama Twins
Samahani kaka, sasa walijuaje kama ni hizo za polepole na sio zile za kasi? Si zote zinaguswa pamoja?

Mdau wa Fiziolojia
Swali zuri dada. Kuna mama mmoja ugonjwa ulimharibia zile za kasi, za C zikabaki. Mtafiti Håkan Olausson wa Sweden na wenzake walimpitishia brashi laini mkononi, wakaandika 2002: alihisi kitu hafifu cha kupendeza, na kwenye ubongo ikawaka insula, sehemu inayohusika na hisia za ndani ya mwili, wakati ile ya kupima mguso ilikaa kimya. Mimi hiyo ilinigusa sana nilipoisoma.

Nesi wa Wodi ya Njiti
Niongezee kwa wenye njiti wadogo kabisa: huyo msimpapase sana, anachoka haraka. Weka viganja vyenye joto vitulie tu, kimoja kichwani kingine miguuni, au mweke kifuani ngozi kwa ngozi, ile kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Baba naye anaweza, kifua ni kifua.

Baba Njiti
Asanteni sana. Kumbe ndo maana kule wodini niliambiwa nisimsugue, nimshike tu. Amelala hapa kifuani, naandika kwa mkono mmoja.